Gari Dogo Lililogeuka Mtu

Katika somo la leo tutazungumza juu ya historia ya kitu kidogo sana, kitu kinachoenea katika kiganja cha mtoto. Huenda mmoja wenu akauliza, "Mwalimu, tumeacha kazi zetu tukaja darasani, nawe watuletea habari za michezo ya watoto?" Swali hilo ni halali. Lakini fikirini kidogo. Kila kitu kilichotengenezwa na watu, kiwe jembe, kiti, koroboi au gari la mtoto, kina mtu aliyekaa akawaza kabla ya kukitengeneza. Mtu huyo alikuwa na fedha kiasi fulani, vifaa vya namna fulani, na mnunuzi fulani moyoni mwake. Yeye ajuaye kuuliza kwa nini kitu kimefanywa hivi wala si vile, si rahisi kudanganywa dukani.

Kitu chenyewe ni gari dogo la plastiki ambalo ukilivuta huku na kulikunja kule hugeuka roboti, yaani mtu wa mashine. Wengi wenu mmeliona katika maduka ya mjini, na wale wenye wajukuu bila shaka mmelikanyaga usiku gizani. Magari hayo yako ya aina nyingi sana, lakini leo tutalipima hasa moja lililo maarufu kupita mengine. Ni gari la manjano liitwalo Bumblebee, jina la nyuki mnene mwenye manyoya. Liliuzwa kwanza Japani mwaka 1983, kisha likauzwa Marekani kwa jina hilo mwaka 1984.

Kabla ya kulishika mkononi yafaa turudi nyuma miaka 38. Mwaka 1945 vita kuu ya pili ilikwisha, na Japani ilikuwa imeshindwa. Miji mingi ilikuwa majivu, chakula kilikuwa haba, na bati la kufanyia kazi lilikuwa adimu. Katika mji wa Otsu, karibu na Kyoto, alikuwako fundi mmoja, jina lake Matsuzo Kosuge, ambaye kazi yake tangu kabla ya vita ilikuwa kutengeneza vitu vya kuchezea vya bati. Askari wa Kimarekani walipoingia nchini, walikula vyakula vya makopo, wakayatupa makopo yenyewe. Kosuge akayachukua, akayakata na kuyanyosha, akatengeneza jeep ndogo kwa mfano wa jeep zile zile walizokuwa wakiendesha askari. Mwezi wa Desemba 1945 jeep hizo ziliuzwa katika duka kubwa la Kyoto kwa yen 10 moja, na watu wakapanga safu kuzinunua.

Nyinyi mlioona mafundi wetu wakigeuza kopo la mafuta kuwa koroboi, au kuwa karai, hamtastaajabu sana. Mkono wa fundi mwenye njaa ni mwepesi mahali pote. Jambo la kutazama ni kwamba Kosuge hakuwa na hiari ya kuchagua bati analolitaka. Ukubwa wa kopo ulimwamuru ukubwa wa gari. Kumbukeni habari hiyo, maana tutaikuta tena mbele: mara nyingi umbo la kitu hutokana na kile kilichokosekana.

Mwaka 1947 biashara ya kuuza vitu nje ilifunguliwa tena kwa makampuni ya Kijapani. Tangu hapo hata mwaka 1952 vitu vingi vilivyopelekwa nchi za nje vilipigwa maandishi yanayosema kwamba vimetengenezwa katika Japani iliyokaliwa na majeshi ya kigeni. Vitu vya kuchezea vya bati vilikuwamo kwa wingi, na fedha za kigeni zilizopatikana zilisaidia nchi iliyokuwa haina chakula cha kutosha. Kwa hiyo msidhani kwamba kazi hii kwao ilikuwa mchezo.

Sasa turuke miaka. Roboti za bati zilipendwa sana katika miaka ya 1950 na 1960. Baadaye televisheni ikaingia majumbani, na hadithi za roboti kubwa kama majengo zikawashika watoto wa Japani. Mwaka 1974 kampuni ya Popy ilitoa roboti ya Mazinger Z iliyotengenezwa kwa madini mazito. Madini hayo yana zinki ndani yake. Huyeyushwa, yakamiminwa katika kalibu, kama vile mafundi wa zamani walivyosubu shaba. Mtoto aliyeishika aliuhisi uzito, naye akaona kwamba ana kitu cha kweli mkononi. Mwaka uliofuata, 1975, ikatoka roboti iitwayo Raideen, ambayo iliweza kugeuzwa ndege. Watu wengi huihesabu kuwa ya kwanza katika ukoo huu wa vitu vinavyogeuka.

Kampuni nyingine ya Kijapani, iitwayo Takara, ilianza mwaka 1980 kuuza vitu vilivyoitwa Diaclone. Katika Diaclone kulikuwa na watu wadogo sana, wenye sumaku miguuni, na kazi yao ilikuwa kuendesha mashine kubwa. Mwaka 1982 Takara ikapata wazo jipya: kwa nini roboti igeuke chombo cha anga ambacho hakuna aliyekiona? Igeuke gari ambalo mtoto hulitazama barabarani! Wakatoa Lamborghini, wakatoa Datsun Fairlady. Datsun hiyo wazee wa huku wataikumbuka, kwa kuwa nduguye mkubwa, Datsun 240Z, ndiyo iliyoshinda mashindano ya Safari katika Afrika Mashariki mwaka 1971 na tena mwaka 1973.

Hapa sasa tumefika karibu na gari letu la manjano, nami naomba mnisikilize vizuri, maana jambo hili hupotea kwa watu wengi hata huko lilikotoka. Mkilitazama gari hilo dogo mtaona kwamba halifanani na gari la kweli. Limefupishwa. Mbele na nyuma vimesongamana kana kwamba mtu amelibana kwa viganja viwili. Magurudumu ni makubwa kupita kiasi. Mtu asiyejua atasema, "Fundi huyu hajui kuchora gari." Sivyo.

Takara walikuwa na vitu vingine tangu mwaka 1974 vilivyoitwa Microman. Hao walikuwa wanasesere wenye urefu wa sentimita 10 hivi, na hadithi yao ilisema kwamba si mfano wa watu wakubwa: hao ni wageni kutoka nyota nyingine, na urefu wao halisi ni huo huo wa sentimita 10. Basi mashine zao haziwezi kuwa mifano ya vitu vikubwa. Lazima ziwe vitu vyenyewe, vya nyumbani, kwa kipimo chake cha kweli. Kwa sababu hiyo kuanzia mwaka 1983 zikatoka roboti zilizogeuka darubini ya kutazamia vijidudu, kamera, bastola, na redio ya kaseti. Na lile gari dogo? Liligeuka gari la kuchezea! Katika siku hizo watoto wa Japani walikuwa na wazimu wa vijigari vifupi vya Takara viitwavyo Choro-Q, na gari letu lilifuata umbo la vijigari hivyo. Halikujifanya Volkswagen ya kweli. Lilijifanya kichezeo kilichosahauliwa sakafuni, ambacho ndani yake amejificha mtu. Kwa maoni yangu hiyo ni akili kubwa sana. Mafundi walikuwa na plastiki kidogo na bei ndogo, nao wakaufanya udogo huo kuwa hadithi yenyewe.

Kuchaguliwa kwa Volkswagen nako kulikuwa kwema. Mnalijua gari hilo lenye mgongo wa mviringo kama kobe. Lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1954, mwaka 1957 na mwaka 1962. Yalitengenezwa zaidi ya milioni 21, na la mwisho lilitoka katika kiwanda cha Mexico mwaka 2003. Umbo lake lina nguvu ya ajabu: ulifupishe, ulinenepeshe, mtoto hata wa miaka mitatu atalitambua. Jaribuni kufanya hivyo kwa gari refu jembamba, mtaona kwamba halitambulikani tena.

Haya, tuligeuze. Mikono ya roboti huvutwa kutoka ubavuni mwa gari. Miguu huvutwa kwa urefu. Kichwa huinuliwa. Basi, kazi imekwisha, na mtoto mwenye miaka mitano aweza kuifanya bila kumwita baba yake. Hakuna kipande kinachotolewa na kuwekwa kando. Sitasahau kusema kasoro zake: roboti hiyo haiwezi kupiga goti, haiwezi kuketi, miguu yake imesimama kama nguzo ya baraza. Gari nalo haligeuki kulia wala kushoto, kwa kuwa magurudumu ya mbele hayana usukani. Mtoto wa kijijini anayetengeneza gari la waya, lenye fimbo ndefu na usukani mikononi mwake, amempita fundi wa kiwanda katika jambo hilo. Gari lake la waya hupinda kona kweli kweli. Lakini gari la waya haligeuki mtu, na bila shaka kila fundi huchagua la kupata na la kuacha.

Linganisheni sasa na ndugu zake wakubwa. Kiongozi wa roboti hizo, lori liitwalo Optimus Prime, ni zuri kupita kiasi kwa kulitazama. Lakini viganja vyake ni vipande vya peke yake, huchomekwa mkononi baada ya lori kugeuzwa. Mwulizeni mtu yeyote aliyekuwa nalo utotoni viganja hivyo viko wapi. Vimepotea chini ya kitanda, au vimefagiliwa nje pamoja na takataka. Kitu cha mtoto kinachohitaji vipande vya kutunzwa kimesahau mtoto ni nani.

Tena kuna gari la abiria, Nissan, lililoitwa Ironhide. Hilo ndilo la kuchekesha. Ukiligeuza, roboti husimama haina kichwa! Mahali pa kichwa pana kiti, na karatasi ya gundi yenye sura. Sababu yake mwaweza kuipata wenyewe kutokana na niliyoyasema. Wakati wa Diaclone roboti hiyo ilikuwa mashine yenye dereva. Yule mtu mdogo mwenye sumaku aliketi pale, naye hakuhitaji mashine yake iwe na kichwa. Wamarekani walipoinunua, wakamwondoa dereva, wakasema roboti yenyewe ina uhai na akili. Kiti kikabaki. Hadithi ilibadilika, lakini kalibu za chuma hazikubadilika, kwa kuwa kutengeneza kalibu mpya ni gharama kubwa. Katika katuni za televisheni Ironhide alikuwa na kichwa na uso kama wenziwe, lakini mtoto aliyefungua sanduku nyumbani alikuta kiti.

Nimetaja Wamarekani, nami sina budi kueleza walivyoingia. Mtu mmoja aitwaye Henry Orenstein, mwenye kuvumbua vitu vya kuchezea, aliziona roboti za Takara akaishawishi kampuni ya Hasbro ya Marekani izichukue. Habari za Orenstein ni somo peke yake. Alizaliwa Poland mwaka 1923, Myahudi, naye alipitia kambi za mateso za Wanazi akatoka hai. Wazazi wake waliuawa. Alifika Marekani baada ya vita, akaishi mpaka mwaka 2021. Naona ni ajabu kwamba vitu hivi vya kuchekesha watoto vyapita, upande mmoja, katika mikono ya taifa lililounguzwa na vita, na upande wa pili katika mikono ya mtu aliyeponea chupuchupu katika vita hiyo hiyo.

Hasbro walikusanya pamoja vitu vya Diaclone na vya Microman, wakavipa jina moja, Transformers, maana yake wenye kugeuka. Ndiyo sababu gari dogo la manjano, ambalo asili yake ni kichezeo cha sakafuni, lilijikuta limesimama karibu na lori kubwa kama ndugu wa baba mmoja. Mwandishi Bob Budiansky wa kampuni ya Marvel alipewa kazi ya kuzipa roboti nyingi majina na tabia. Bumblebee akawa kijana mdogo, mwepesi, mwenye moyo wa kutaka kupendwa na wakubwa. Tazameni! Udogo uliotokana na bei sasa ukawa tabia ya mtu.

Nyuma ya kila sanduku kulikuwa na maelezo ya roboti, na jedwali la nguvu zake, akili zake na mbio zake, lililofichwa chini ya mistari myekundu. Ndani ya sanduku mlikuwa na kipande cha plastiki nyekundu. Ukikiweka juu ya jedwali, alama zinaonekana. Nyinyi mliojifunza kusoma mkiwa watu wazima mtaelewa vizuri uzuri wa jambo hilo. Mtoto hakuambiwa "soma." Alipewa siri, na asiyesoma hakuijua.

Wakati huo huo kampuni nyingine ya Marekani, Tonka, ilikuwa ikiuza roboti za namna hiyo hiyo kwa jina la GoBots. Hizo pia zilitoka Japani, kwa Popy, ambako zilianza mwaka 1982 kwa bei ya yen 600. Kwa kupima ufundi peke yake, GoBots nyingi hazikuwa mbaya. Zilikuwa ndogo, rahisi kugeuza, na za bei nafuu. Lakini zilishindwa sokoni, na mwaka 1991 Hasbro waliinunua Tonka yenyewe. Watu hubishana sababu ni nini. Mimi nasema kwamba ilikuwa hadithi zaidi ya bawaba. Na hapo mzazi awe macho, kwa maana katuni ile iliyoanza kuonyeshwa mwezi wa Septemba 1984 ilikuwa tangazo la biashara lililovaa nguo za hadithi. Ilipendeza, sikatai. Lakini ilimfanya mtoto amlilie babake kwa ajili ya roboti isiyo na kichwa.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 baadhi ya roboti zilifinyangwa kwa plastiki yenye kung'aa kama dhahabu. Plastiki ile imekuwa ikivunjika vipande vipande, hata ikiwa imekaa kabatini haiguswi. Mwaka 1996, katika roboti zilizogeuka wanyama, kulienea kiungo cha namna nyingine: tufe dogo ndani ya kikombe, kama mfupa wa paja ulivyokaa katika nyonga. Kwa kiungo hicho roboti iliweza kupiga goti na kutupa mkono kila upande. Mwaka 2007 ikatoka sinema, na Bumblebee akafanywa gari la Kimarekani, Chevrolet Camaro. Baadhi ya roboti za sinema hiyo zina mikunjo mingi hata mtu mzima hutoa jasho akiisoma karatasi ya maelezo. Mwaka 2018 katika sinema nyingine wakamrudisha kuwa Volkswagen.

Je, hukumu yangu ni nini? Roboti za sasa hufanana zaidi na mtu, na magari yake hufanana zaidi na magari. Hata hivyo, kwa mtoto wa miaka mitano nitalichagua gari fupi la mwaka 1983, kwa sababu anaweza kuligeuza mwenyewe mara 20 kabla ya chakula, na vipande vyote viko mahali pake jioni. Kwa mtoto wa miaka kumi nitasema vingine. Wengine darasani mtanipinga, na mna haki.

Kwa kipindi kijacho, kila kikundi kilete kitu kimoja kinachokunjika au kugeuka: kiti cha kukunja, mwavuli, kisu cha mfukoni, au gari la mtoto kama mnalo. Kifungueni na kukifunga mara kumi. Tafuteni bawaba iko wapi, parafujo iko wapi, na ni mahali gani patakapovunjika kwanza. Andikeni majibu katika madaftari yenu kwa sentensi tano au sita, na mwenye hati nzuri awasomee wenzake.